Umeme Ametulia

4 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya kaka yako siku hizi ina masikio manne, na ya kwako sijui ina mangapi. Karatasi angalau inasomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mimi ni mzima, magoti tu, na kazi ya udobi inaendelea. Nyumba za wageni bado zinaniletea mashuka. Ninachotaka kukwambia si cha magoti.

Kaka yako alikuja na mkewe wiki iliyopita. Nimemzaa mimi, nimemlea mimi, na nakwambia yule aliyekuja si Umeme ninayemjua.

Unamkumbuka alivyo. Anaingia kama upepo, mlango unabaki wazi nyuma yake, anaanza hadithi ya kazini, anaiacha njiani, anarukia ya jirani, anafunua sufuria, anauliza redio imekufa lini, anaifungua redio, skrubu zote zinamwagika sakafuni, halafu anakumbuka kuna mtu amemwacha nje anamsubiri. Nyumba nzima inachangamka. Ndiyo maana baba yenu, Mungu amrehemu, akamwita Umeme. Safari hii alikaa kitini. Nilimwambia bomba la jikoni linavuja, na papo hapo nikamwambia pasi yangu kubwa haipati moto. Akasema, "Mama, ngoja nimalize bomba kwanza, ndipo uniambie la pasi." Akalimaliza. Mwanangu, akalimaliza, na maji ya sakafuni akayafuta.

Sikiliza mengine. Asubuhi simu yake inalia, wala si mtu aliyepiga, ni kengele tu. Anainuka katikati ya mazungumzo, mkewe anamtazama, yeye anakwenda chumbani, anarudi anafuta mdomo. Kuna kitu anameza. Mchana chakula hakipiti. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani yake na yako, sasa anachezea kijiko. Mkononi amefungwa kamba nyekundu. Nilimwuliza ni ya nini, akacheka akasema ni mambo ya kazini, na mkewe akainamia simu yake. Kisha nimemwona kwa macho yangu, akifunga mlango anaihamisha ile kamba kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, huku midomo inamcheza. Nilijibanza nisikie. Anasema, "Nimefunga mlango. Nimefunga mlango." Mtu mzima, fundi wa lifti, anauambia mlango kwamba ameufunga.

Funguo za nyumba yao anazo mkewe. Nilipouliza kwa nini, yule msusi akanijibu kwa adabu, "Mama, tumekubaliana hivyo." Adabu yake ndiyo inayonitia hofu. Mtu asiyeficha kitu hujikwaa maneno. Yeye hajikwai.

Sitaki kusema neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni. Lakini umeme hautulii wenyewe. Ukitulia, ujue kuna mtu amekata waya.

Wewe uko karibu nao kuliko mimi, unapanda basi moja tu. Nenda kama unayekwenda kusalimia. Fungua kabati la bafuni. Uniandikie.

Mama yako

———

11 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, na Jumamosi nilikwenda kama ulivyosema. Nilikaa nao mchana kutwa. Kaka hajambo, wifi hajambo, wanakusalimu. Hakuna cha kutia hofu.

Watu hukua, mama. Kazi yake ni ya hatari, lazima atulie. Kamba ni mambo ya mafundi. Vile vidonge vyeupe ni vya vidonda vya tumbo, ndiyo maana chakula hakimpendezi. Na funguo, wanaume wangapi wanawaachia wake zao funguo?

Nakuomba usimwandikie yeye wala wifi kuhusu jambo hili, utawaudhi bure. Shuleni tuna mitihani, ndiyo maana barua ni fupi.

Binti yako,
Mwalimu

———

19 Februari

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikapiga pasi mashuka, nikairudia. Unaandika kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto mchanga. Wewe ambaye huwezi kunieleza ulichonunua sokoni bila kujaza kurasa mbili, leo umekaa kwa kaka yako mchana kutwa na hukuona hata rangi ya mapazia.

Ila rangi moja umeiona. Mimi nilikuandikia kwamba kuna kitu anameza. Sikusema vidonge. Sikusema vyeupe. Sasa ama ulilifungua kabati kama nilivyokutuma na hutaki kuniambia ulichosoma kwenye kopo, ama ulikuwa unavijua kabla sijakuandikia. Yote mawili yananiuma, la pili zaidi. Walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu ni ninyi wawili.

Vidonda vya tumbo navijua, baba yenu alikuwa navyo. Mwenye vidonda hali pilipili kama kaka yako alivyoila hapa mezani, hata kama hakuigusa nyama.

Sikungoji tena. Nimempigia saa ya chakula cha mchana akiwa kazini, ambako mkewe hayupo. Nimemwambia magoti yamenizidi, aje, na aje peke yake. Anakuja mwisho wa mwezi.

Mama

———

12 Machi

Wifi,

Nakupigia tangu Jumapili hupokei, na ujumbe wangu naona umeusoma. Kwa hiyo nakuandikia. Barua huwezi kuiambia kwamba ulikuwa darasani.

Mume wangu amerudi kutoka kwa mama. Magoti ya mama hayana jipya. Siku ya pili tu alimwomba amwonyeshe vile vidonge. Akavitazama, akamwambia, "Mwanangu, kama mimi ni mama yako, viache. Vinakufanya mgeni nyumbani kwangu." Hakumgombeza. Angemgombeza, angejitetea. Alilia. Basi akaviacha. Hakumweleza ni vya nini hasa, alisema vinamsaidia kazini, akaishia hapo. Amerudi na kopo likiwa vilevile lilivyoondoka, na kamba ameivua, kwa sababu mama alisema inamtisha.

Sasa anazunguka nyumbani kama zamani. Juzi aliacha jiko linawaka akaenda kununua kitunguu, akarudi na betri za tochi, kitunguu hakuna. Tulicheka. Nilicheka mpaka nilipoingia jikoni. Namwambia arudi kwa daktari kabla hajaamua lolote, anasema, "Ngoja kwanza mama apoe."

Sasa nikuulize wewe. Mama alijuaje pa kutazama? Nakushuku, sikufichi. Mama ananishuku mimi, na wewe unajua wazi kwamba mimi ndiye niliyejua mwisho. Ni wewe uliyekuwepo yule mtaalamu alipokuja shuleni kwenu kuwafundisha walimu kuhusu watoto wasioweza kutulia. Ni wewe uliyempigia kaka yako jioni ile ukamwambia, "Alikuwa anakueleza wewe, mpaka ile ya kwenda shule na viatu viwili vya kushoto." Ukampeleka kliniki, ukajibu maswali ya utoto wake. Mimi nilikuta jina la hali yake limeshaandikwa. Kazi yangu imekuwa kukaa naye. Nikikaa mezani nashona mawigi ya wateja, yeye pembeni anajaza taarifa zake za kazi mpaka mwisho; nikiinuka, zinabaki nusu. Huo ndio uchawi wangu wote.

Nilimwambia mama, "Tumekubaliana hivyo," kwa sababu mumeo akikuomba umfichie siri, unafanyaje? Lakini siri haikuwa yangu. Mwambie mama. Mimi nikimwambia, itakuwa najitetea.

Wifi yako

———

17 Machi

Wifi yangu,

Nisamehe kwa simu. Sikumwambia mama lolote. Yeye ndiye aliyeniandikia kwanza, nami nikamjibu kwamba ni vidonda vya tumbo. Nilidhani nazima moto.

Unamjua mama kwa juu tu. Kaka alipokuwa mdogo, mwalimu mkuu alisema huyu mtoto hawezi kusoma na wenzake, atafutiwe mahali pengine. Mama aliingia ofisini kwake na beseni la nguo mbichi kichwani, akaliweka juu ya meza yake, juu ya makaratasi, na hakutoka mpaka maneno yale yalipofutwa. Tangu siku hiyo, anayesema Umeme ana tatizo ni adui. Sijui nianzie wapi.

Nitamwambia nikifunga shule, ana kwa ana. Nipe mpaka hapo. Siku chache haziharibu kitu.

Mwalimu

———

28 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Nilikuwa nimekununia. Leo sijanuna.

Umeme amerudi. Wiki iliyopita alinitumia kwa basi mto wa kuegemeza goti, mto mzuri kweli. Juzi ukaja mwingine, uleule, kitambaa kilekile. Amesahau kwamba alishatuma. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Huyo ndiye mwanangu.

Jana Alhamisi asubuhi nikampigia kumwambia magoti ni mawili na sasa kila moja lina mto wake. Nilijua hatapokea, maana tangu mwaka jana saa za kazi simu anaifungia ndani ya sanduku la vifaa, mpaka saa ya chakula. Akapokea hapo hapo. Akaanza hadithi ya mzee mmoja aliyekwama kwenye lifti na jogoo, akaiacha, akaingia ya bosi wao anayepaka nywele rangi, akairudia ya jogoo. Sikujua jogoo aliishia wapi. Alisema tu, "Mama, ngoja," kwa sauti nyingine, na simu ikabaki wazi. Nikasikia vishindo, nikasikia mtu anaita kwa nguvu. Halafu ikakatika. Bila shaka ni huyo bosi, amemfumania anapiga soga. Tangu hapo hapokei. Nafikiri yule msusi amemnyang'anya simu.

Unaona sasa? Nilikwambia kuna kitu alikuwa anapewa. Kimeondoka, na mtoto wangu amerudi.

Mama yako, mwenye mito miwili

———

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Nikikupigia simu nitakimbia maneno, nitakuchekesha, tutaagana bila mimi kusema. Nikiandika, mke wangu ameketi pembeni anashona wigi, na nikiinuka ataniuliza naenda wapi. Hasomi. Nakwambia kabla hujauliza.

Siku ile ya Alhamisi tulikuwa tunatengeneza lifti kwenye jengo moja la ofisi, mimi na yule mwenzangu mnene tunayemwita Uzito. Yeye alikuwa ndani ya shimo, amesimama juu ya paa la lifti, anapaka grisi. Mimi nilikuwa juu, chumba cha mashine. Kabla hajagusa kitu, kazi yangu ni moja. Nazima swichi kuu, naifunga kwa kufuli langu ili mtu mwingine asiiwashe, ufunguo natia mfukoni, ndipo namwambia, "Imefungwa." Nilizima. Nikamwambia Uzito kwa redio ya mkononi, "Imefungwa," kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa imeshafungwa. Kufuli bado lilikuwa kwenye sanduku, nje kwenye korido. Nikalifuata. Simu ikaita, nikapokea. Mlinzi wa jengo akaingia nyuma yangu, akakuta swichi imezimwa na haina kufuli, na watu wa ghorofa za juu wanalalamika. Akaiwasha.

Nikasikia mashine inazunguka. Nilikimbia nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Lifti haikuwa imepanda hata ghorofa moja, lakini mkono wa Uzito ulibanwa. Umevunjika vibaya. Yuko hai, mama. Alilala kifudifudi ndiyo maana yuko hai.

Nimeondolewa kwenye lifti. Niko stoo, napanga boliti, wanachunguza.

Sasa nikueleze nilichokuficha. Mwaka jana niliangusha spana ndani ya shimo, ikapita karibu na kichwa cha mtu. Niliogopa, nikaenda kwa daktari. Aliniuliza maswali mengi, akanirudisha tena na tena, mwisho akasema nina hali wanayoiita ADHD. Wazimu si wazimu, na uzembe si uzembe. Ni kwamba ubongo wangu unasikia kila kitu kwa sauti moja. Wewe, bomba, redio ya jirani, kufuli, wote mnaniita kwa nguvu sawasawa, na mimi naitika aliyeita mwisho. Nimezaliwa nayo. Vidonge vinapunguza kelele. Haviniambii la kufanya. Hilo nimejifunza mwenyewe. Kamba ikiwa kushoto, kuna kitu hakijafungwa. Nikishafunga naihamishia kulia. Nasema kwa sauti nilichofanya, kwa sababu nikikisema ninakuwa nimekiona. Funguo nilizipoteza mpaka fundi wa kufuli akawa anatuulizia hali ya watoto ambao hatuna, ndipo nikamwomba mke wangu azishike. Yote hayo niliyachagua mimi. Kuna mengine niliyajaribu hayakunifaa, nikayatupa.

Simlaumu mtu. Vidonge niliviacha mimi, bila kumwuliza daktari, na kamba niliivua kwa mkono wangu. Hata hivyo kufuli lilikuwa juu yangu, na mkono wa Uzito uko juu yangu. Lakini nataka ujue kwa nini niliacha. Uliniambia nimekuwa mgeni. Mama, huyo Umeme unayemtaka, wewe humpata sebuleni anakuchekesha. Hujawahi kusimama ndani ya shimo, chini ya mikono yake. Mimi nimemchoka. Nimechoka kuomba radhi kila siku kwa jambo ambalo sikulikusudia. Na tangu nije kwako najiuliza: nikitulia, utanipenda kama nani?

Nimerudi kwa daktari. Tumeanza upya, kidogo kidogo. Mke wangu siye aliyenipeleka huko. Aliyenielekeza ni mtu mwingine, na nimemwachia aseme mwenyewe.

Mwanao

———

14 Aprili

Mama,

Ni mimi.

Uliniuliza nilijuaje rangi ya vidonge. Nilikuwa naye duka la dawa siku ya kwanza. Nilimpeleka mimi. Daktari alitaka mzazi aeleze kaka alikuwaje utotoni, na mimi nikasema mama yuko mbali, nitaeleza mimi. Nilisema aliporudia darasa tulikaa dawati moja, kwa hiyo najua. Hukuwa mbali, mama. Niliogopa utaingia na beseni.

Kisha ukaanza kumshuku wifi, na kila ulipomtaja yeye nilipumua, kwa sababu ulikuwa hunitazami mimi. Hata aliponiandikia akiniomba nikwambie ukweli, nilimwambia asubiri nifunge shule. Uzito amevunjika mkono nikiwa nasubiri kufunga shule.

Uninunie mimi. Yeye mwache.

Mwalimu

———

3 Mei

Mkwe wangu,

Usishangae kuona nakuandikia wewe. Hata mimi kalamu imenigomea mara nyingi.

Wiki iliyopita nilikuja mjini kwenu na sikuwaambia. Ni tabia yangu, nilitaka kuona kabla sijaonwa. Nilikwenda kwanza kwa yule Uzito. Nilimkuta na plasta mpaka begani, anafundishwa na mkewe kula kwa mkono wa kushoto. Nilimpa pole. Halafu nikamwuliza bila kuzunguka, "Siku ile mwanangu alikuwa anaongea na nani kwenye simu?" Akatazama ukuta. Akasema, "Mama, alimwambia mkaguzi ni simu ya nyumbani, akakataa kusema ya nani. Walimbana sana. Akakataa."

Nilirudi barabarani nikasimama. Nilikuwa nimeshajua, nadhani, tangu niliposoma neno "Alhamisi" kwenye barua yake. Mwanangu alinieleza mlinzi, akanieleza swichi, akanieleza sanduku liko wapi. Kuhusu simu aliandika tu kwamba iliita. Mimi niliyekushuku wewe kwa kunificha mambo, nilikuwa nimefichwa jambo moja kwa ajili ya kulindwa. Mimi ndiye niliyempigia. Na kabla ya hapo mimi ndiye niliyemlilia mpaka akaacha alichopewa na daktari.

Siku ya pili nilikwenda kliniki. Nilikwenda nimekunja mikono ya gauni, nikijua nitaambiwa uongo. Daktari ni mwanamke mdogo, umri wa Mwalimu. Nikamwambia mimi ni mama yake, nieleze unampa nini mwanangu. Akasema, "Mama, siwezi kukwambia habari za mgonjwa wangu bila ruhusa yake. Hata wewe." Akaninyima. Nilitafuta pa kumshika, sikupaona. Kisha akasema, "Lakini kama wewe unataka kuniambia alikuwaje, nina nafasi, nitakusikiliza."

Nikaanza na vichekesho. Redio, skrubu, jinsi alivyokwenda kununua mkate akarudi na paka. Alicheka. Akauliza, "Na jioni, kazi za shule zilipokuwa hazijaisha?" Hapo sikuwa na kichekesho. Nilimwambia alikuwa analala juu ya daftari na uso umelowa, nami nikimbeba kumpeleka kitandani, na asubuhi nikimwambia baba yake mtoto ana akili nyingi mno, daftari halimtoshi. Ndivyo nilivyokuwa nasema. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu jioni, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Nikwambie ukweli, maana nimechoka kuuzunguka. Sikukushuku kwa sababu ya dawa. Nilishuku kwamba kuna watu wanamjua mwanangu kuliko mimi. Na ilikuwa kweli. Mke wake, dada yake, daktari, mpaka yule mnene mwenye plasta. Mimi ndiye niliyekuwa sijaambiwa, na sasa najua kwa nini.

Mwalimu nimemsema, sana, na bado hajamaliza kusemwa. Lakini hilo ni letu.

Bado sivipendi vile vidonge, na sitakudanganya kwamba nitavipenda. Nitauliza maswali mpaka nife. Lakini nitauliza. Sitajibanza tena nyuma ya milango. Na saa za kazi sitapiga simu, hata nyumba ikishika moto, nitawaita majirani.

Nataka kuja kwenu, safari hii kwa hodi. Ukisema subiri, nitasubiri.

Mama mkwe wako

———

21 Mei

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mwiba. Usikasirike, nimejifunza kwako. Sijauona, na bado sijui kama ni kwa sababu haupo au kwa sababu umeufunika vizuri. Sisemi nimesahau. Uliponiita "yule msusi" mbele ya jirani yako nilikuwa nimesimama jikoni kwako, naosha vyombo vyako.

Mwanao nimempa barua akasoma mwenyewe. Alipofika pa simu aliikunja, akatoka nje, akakaa ngazini. Nilimwacha. Aliporudi alisema, "Kumbe alijua." Usiku ule alikula.

Uchunguzi umekwisha. Alipewa onyo kali, na ni haki yake. Mlinzi na yeye alipewa lake. Ameruhusiwa kurudi kwenye lifti kwa kuangaliwa, na hilo hakulipata kwa bosi. Alilipata kwa Uzito. Walimwuliza akipona anataka kufanya kazi na nani, wakamtajia mafundi wengine, akasema, "Nipeni yule anayeongea na milango. Huyo mwaka mzima alinifungia swichi vizuri. Nataka tu aendelee kuongea." Mume wangu alinisimulia hilo mara tatu siku moja, mara zote kama ni mara ya kwanza.

Usije ukitegemea kuona mtu aliyepona. Si kitu cha kupona. Ana siku njema zinazofuatana, halafu inakuja siku anatafuta simu huku anaongea na mimi kwenye simu hiyohiyo. Jumatatu tumetupa sufuria iliyoungua. Ila siku hizi akiharibu anasema, "Nimeharibu," anatengeneza, anaendelea. Zamani angejifungia chumbani na aibu yake mpaka kesho yake. Mimi hilo ndilo ninalohesabu. Na hadithi zake bado anaziacha njiani, kwa hiyo usihofu, utacheka.

Njoo, mama. Chumba kipo. Kabati la bafuni halina kufuli, fungua ukitaka, kopo lina maandishi makubwa. Ninakuomba kitu kimoja tu. Ukitaka kujua jambo lolote la nyumba hii, niulize mimi, nikiwa nimekaa mbele yako. Nitakujibu hata lisilokupendeza.

Amesema atakuja kukupokea kituoni yeye mwenyewe. Nilitaka kumkumbusha asubuhi hiyo, amenikataza; anasema hili ni lake peke yake. Kwa hiyo ukishuka usimwone, kaa na mizigo yako, usinipigie mimi, wala usimtafute Mwalimu. Atakuja. Na ukikuta amekutangulia, yuko pale anakusubiri, mkumbatie tu. Usimwulize nani kamtuma.

Mkweo